Kisogo cha Nina: Kijitabu kwa Walimu na Wazazi juu ya Kuwafundisha Wanafunzi Viigizo Vyema na Hulka Zao

Neno la kwanza

Wahenga wa pwani walisema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina, na bila shaka walikuwa wamemwona mtoto aliyebebwa mgongoni kwa mbeleko, asiyeuona uso wa mamaye wala kuijua sababu ya safari, ila kile kisogo kilicho mbele ya macho yake kutwa, ambacho kikielekea kisimani naye huelekea kisimani, na kikielekea kwenye ugomvi naye hufikishwa ugomvini. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mzazi. Sisi twaichukua kwa maana nyembamba zaidi, nayo ni kwamba mtoto hujifunza tabia kwa kumtazama mtu ambaye kwa wakati ule hana habari kuwa anatazamwa.

Kijitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya walimu wa madarasa ya juu ya shule za msingi na madarasa ya chini ya sekondari, pamoja na wazazi wapendao kuzungumza na watoto wao baada ya chakula cha usiku. Hakikukusudiwa kuwa daftari la majina ya mashujaa, kwa kuwa madaftari ya namna hiyo yamejaa tele na watoto wameyachoka. Kimekusudiwa kueleza jinsi habari ya mtu mwema inavyoweza kusimuliwa hata msikilizaji akatoka na kitu zaidi ya jina na tarehe ya kuzaliwa.

Nakumbuka siku moja nilipoketi nyuma ya darasa ambalo shule yake haina haja ya kutajwa, nikingoja somo la maadili lililopangwa kuanza saa mbili kamili. Mwalimu aliingia saa mbili na nusu, akafuta ubao, akaandika upande wa kushoto majina matano ya watu mashuhuri na upande wa kulia hulka tano, kisha akawaamuru wanafunzi wachore mistari ya kuunganisha kila jina na hulka yake. Walichora, na karibu wote walipata alama kamili. Hulka ya nne katika ile orodha ilikuwa kushika wakati. Na mvulana aliyeketi mbele yangu, alipokwisha kuupiga mstari wake kwa rula, alimgusa mwenziwe kwa kiwiko, akamwonyesha saa ya ukutani kwa ncha ya kalamu, kisha wote wawili wakainama juu ya madaftari yao kwa adabu njema kabisa.

Jina la sifa na tendo lake

Subira, ujasiri, uaminifu, insafu na ikhlasi ni maneno matukufu, lakini mwanafunzi akipewa neno pasipo tendo hulihifadhi kama ahifadhivyo jina la mji mkuu wa nchi asiyotaraji kuizuru. Kwa hiyo twamshauri mwalimu asianze na neno. Aanze na tendo moja la mtu mmoja, katika saa moja inayojulikana, na alisimulie taratibu. Kisha awaulize wanafunzi mtu yule alifanya nini hasa, angaliweza kufanya nini kingine bila ya kulaumiwa na mtu, na tendo lile lilimgharimu nini. Swali la pili ndilo zito kuliko yote, maana tabia haionekani pale ambapo mtu hana hiari. Neno la sifa na lije mwisho, na likitoka vinywani mwa wanafunzi wenyewe, hata kama si lile alilokuwa nalo mwalimu, litakuwa limepata mwenyewe.

Tutwae habari ya John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, aliyeiwakilisha Tanzania katika mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki ya Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Mji ule umekaa juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,200, hata hewa yake ni nyepesi na pumzi ya mkimbiaji huisha upesi. Walioanza mbio walikuwa 75. Akhwari alibanwa na misuli, na walipofika yapata kilomita 19 wakisongamana kutafuta nafasi, alianguka. Goti likateguka na kuchanika, na bega likagonga barabara kwa kishindo. Alifungwa bandeji, akasimama, akaendelea, mara akikimbia na mara akichechemea. Mamo Wolde wa Uhabeshi alishinda kwa muda wa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27, jua limekwisha kuchwa, watazamaji wengi wamekwenda zao. Akawa wa 57, yaani wa mwisho kati ya wote waliomaliza.

Hapa mwalimu na atue, asikimbilie sifa. Na aandike ubaoni hesabu mbili tu: 75 toa 57, ambayo ni 18, na tofauti ya mshindi na mtu wa mwisho, ambayo ni saa nzima na dakika tano. Wale 18 walioacha njiani hawakuadhibiwa na mtu wala hawakuitwa waoga, na baadhi yao huenda hawakuwa na jeraha kama lake; kwa hiyo mlango wa kuacha ulikuwa wazi, na kwa muda wa saa nzima na zaidi baada ya mshindi kupatikana, mlango ule ulibaki wazi katika kila hatua. Mtoto akiisha kufahamu hivyo, ataiona ile saa moja kama mtu aionavyo njia ndefu usiku, na neno subira litakuwa na urefu unaopimika.

Jibu alilowapa waandishi wa habari walipomwuliza kwa nini hakuacha limenakiliwa sana hata limekuwa kama methali, na ndiyo sababu twamwomba mwalimu alifiche mpaka mwisho wa kipindi, awaache wanafunzi watunge majibu yao kwanza. Katika majibu hayo atasikia mambo asiyoyatazamia. Msichana mmoja alipata kuuliza kama mtu anayekimbia kwa goti lililoteguka hajidhulumu nafsi yake, na kama mwalimu wa michezo angempa ruhusa yeye afanye vivyo hivyo. Swali lile halikuwa utovu wa adabu. Lilikuwa swali bora kuliko yote ya siku ile. Subira ina mpaka wake, na mtoto anayefundishwa kustahimili kila kitu atakuja kustahimili hata dhuluma ambayo ingempasa kuipigia kelele. Mwalimu asiogope kusema kwamba mtu anaweza kustahi tendo la Akhwari na wakati huohuo akamwamuru mwanawe mwenye goti bovu aketi chini.

Mtoto aliyeitwa Mtumwa

Yapata mwaka 1880, huko Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, alizaliwa mtoto wa kike katika aila ya watumwa, naye akapewa jina la Mtumwa. Mamaye alikuwa mfinyanzi, na binti alipokua alijitwika vyungu kichwani akavitembeza, akivinadi kwa sauti. Husemwa kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini wafanya biashara wote wajua kwamba methali hii ilitungwa na mtu aliyekuwa na duka, kwani vyungu vya Fumba vilikuwa vyema na bado ilibidi vitembezwe. Katika kunadi huko sauti ilipata nguvu na pumzi. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa kuimba pamoja na ala na mmoja wa wanamuziki wa taarabu wa siku zile, na mji ukampa jina la Siti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri, jambo ambalo mwimbaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki alikuwa hajapata kulifanya kabla yake. Na taarabu, ambayo katika majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, ikasikika kwa Kiswahili katika vibaraza vya watu wa kawaida.

Waliomhusudu walimcheka kwa sura yake. Naye aliwajibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya uzuri na nasaba, na mji mzima ukaushika wimbo huo, waliocheka na waliochekwa pamoja. Mwanafunzi wa leo, ambaye picha yake yaweza kuchekwa na watu mia katika simu kabla hajafika nyumbani, ana haja ya habari hii kuliko tulivyokuwa nayo sisi.

Mwalimu mmoja alilisomesha jambo hili kwa njia iliyonipendeza. Alileta mtungi, akautia maji nusu, akawataka wanafunzi kwa zamu waubebe kichwani, bila ya kuushika, wauzunguke uwanja wa shule huku wakiunadi kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mlango wa darasa la mwisho. Walianza kwa vicheko. Baada ya mzunguko wa pili vicheko vilikwisha, kola za mashati zikawa zimelowa, na kijana aliyejulikana kwa kelele zake darasani alikuwa amepwelewa na sauti. Ndipo mwalimu alipowaketisha chini ya mwembe, akawaeleza Fumba iko wapi na mji uko wapi.

Ifaa kutaja kwamba habari za maisha ya Siti zilihifadhiwa na Shaaban Robert, ambaye alionana naye muda mfupi kabla ya Siti kufariki mwaka 1950. Kitabu chake, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitoka mwaka 1958. Mwenye nakala na aitunze. Asiye nayo na aulizie katika maktaba.

Miche mitano iliyokufa

Katika kumsimulia Wangari Maathai walimu wengi huanza na tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, wakarudi nyuma kwenye mamilioni ya miti. Twapendekeza waanze na miti saba. Tarehe 5 Juni 1977 ilipandwa miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na kati ya hiyo mitano ilikufa. Aliyeipanda alikuwa mwanamke msomi, mwenye shahada ya udaktari tangu 1971, na hakuna kitu kinachomfedhehesha msomi kama mche uliokauka mbele ya macho ya watu. Alirudi akawafundisha wanawake wa vijijini kuotesha mbegu wenyewe, ilhali mabwana misitu walidhani kazi hiyo haiwezekani kwa mtu asiye na cheti. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, alikejeliwa hata bungeni, lakini jengo halikujengwa.

Juu ya ila za wakubwa

Baadhi ya wazazi watauliza kama yafaa kumweleza mtoto makosa ya mtu anayetakiwa kumwiga. Jibu letu ni kwamba yafaa, tena ni wajibu, kwa sababu mtoto atakuja kuyasikia tu, na akiyasikia kutoka kwa mwingine atatushuku hata katika yale tuliyomwambia kwa kweli. Mwalimu Julius Nyerere aliishi maisha yasiyo ya anasa, akaipa lugha yetu Julius Caesar na Mabepari wa Venisi kwa kalamu yake mwenyewe, na mwaka 1985 aliondoka madarakani kwa hiari, jambo lililokuwa nadra katika bara hili. Katika utawala wake pia, hasa kati ya 1973 na 1976, familia nyingi za wakulima zilihamishwa kwa nguvu kupelekwa katika vijiji vya ujamaa, na wako wazee walio hai wanaokumbuka nyumba zilizoachwa nyuma. Mwanafunzi anaweza kuyabeba yote mawili. Tumemwona akiyabeba kuhusu baba yake mwenyewe, ambaye anampenda na ambaye anajua kwamba hukasirika upesi.

Kazi ya nyumbani

Mwisho wa somo mwanafunzi na apewe juma moja la kumtazama mtu wa mtaani kwake, asiye mashuhuri, wala asiye mzazi wake, kisha aandike ukurasa mmoja wa mambo aliyoyaona kwa macho tu. Asitumie neno lolote la sifa. Mwalimu akilikuta, alipigie mstari mwekundu na kuuliza pembeni umeonaje. Amri hii huwaudhi wanafunzi hodari wa insha, ambao wamezoea kumaliza kila ukurasa kwa maneno makubwa, na huwafurahisha wale wanyamavu ambao hakuna aliyewahi kuwadhania kuwa na la kusema.

Jina la mwandishi halitatajwa, lakini ukurasa mmoja wa namna hiyo ninao mbele yangu ninapoandika. Ni wa msichana wa darasa la saba aliyemtazama fundi cherehani aketiye kibarazani mkabala na nyumba yao. Ameandika kwamba fundi alimaliza kanzu, akampa mwenyewe aijaribu, na mwenyewe akajitazama katika kioo cha dirisha, akasema imependeza, akatoa pesa. Fundi akainama, akashika pindo kwa vidole viwili, akaomba kanzu arudishiwe, akachukua wembe akaufumua mshono wote wa chini, akakaa akashona upya mpaka adhana ya magharibi, na pesa zikabaki juu ya meza ya cherehani chini ya mkasi. Pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: Nani alimwambia afumue? Na chini yake, kwa mwandiko mdogo wa penseli, msichana amejibu: Hakuna, Mwalimu. Hata mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia.