Folda Inayorudi Kila Asubuhi: Somo la Usalama wa Kivinjari kwa Wakazi wa Mpakani



Katika toleo hili tunaleta somo juu ya jambo ambalo kwa macho ni dogo, ila ndani yake limebeba hatari ya kweli. Ni folda ya alamisho usiyoiweka wewe, ambayo unaifuta leo na kesho unaikuta imerudi mahali pake. Wengi hukasirika, huifuta tena, kisha huizoea. Sisi tunawaomba msiizoee. Kitu kinachorudi baada ya kufutwa kina mahali kinakotoka, na pengine mahali hapo ni kompyuta ya mtu mwingine ambamo akaunti yako ingali wazi.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kueleza kwa nini folda hurudi, kukitambua chanzo chake, kukiziba, na kujua ni wakati gani wa kufika kituoni.

Alamisho na usawazishaji

Alamisho ni anwani ya ukurasa wa intaneti uliyoihifadhi katika kivinjari ili usilazimike kuiandika upya. Folda ni mkoba wa kukusanyia alamisho hizo. Mfanyabiashara wa Busia aweza kuwa na folda ya forodha, ya bei za mazao na ya benki.

Zamani alamisho zilikaa katika kompyuta moja tu. Leo, ukiingia katika kivinjari kwa akaunti yako, nakala hutunzwa katika seva ya mwenye kivinjari na kupelekwa kwenye kila kifaa kilichoingia kwa akaunti hiyo. Kazi hii huitwa usawazishaji. Unachokiweka katika simu huonekana katika kompyuta, na kinachowekwa katika kompyuta huonekana katika simu. Mara nyingi usawazishaji huchukua pia maneno ya siri uliyoyahifadhi na historia ya kurasa ulizozitembelea. Jambo hili ndilo kiini cha somo letu: mlango unaoingiza folda usiyoitaka ndio huo huo unaoweza kutoa nje maneno yako ya siri.

Kisa kilichofika katika dawati letu

Mama mmoja anayeuza nafaka na kuzivusha kwa utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mizigo yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, alitujia na simu yake mkononi. Katika kivinjari chake palikuwa na folda iliyojiita ya malipo ya ushuru. Ilikuwa na alamisho nne. Yeye hakuiweka, wala kijana wake anayemsaidia hesabu hakuiweka.

"Afande," alisema, "naifuta jioni, asubuhi imerudi. Nimebadilisha hata laini ya simu."

Kijana wake alikuwa amekwisha kuifungua alamisho mojawapo kwa kudhani ni njia ya mkato ya kulipia. Ukurasa ulimwomba namba ya simu, akaiandika. Ulipomwomba namba ya siri ya pesa za simu, alisita, akaufunga. Kusita huko ndiko kulikookoa mtaji wa familia.

Tulimwuliza mama yule swali moja: folda hurudi lini? Akafikiri, akajibu kwamba hurudi kila siku mnamo saa mbili asubuhi, isipokuwa Jumapili. Simu haijui Jumapili. Duka ndilo linalojua. Tukamwuliza kama aliwahi kuingia katika akaunti yake mahali penye kompyuta za kukodi. Akakumbuka kwamba miezi kadhaa nyuma alikwenda katika saiba moja kuchapa hati ya uasilia wa bidhaa. Badala ya kufungua barua pepe peke yake, alisaidiwa kuingia katika kivinjari chenyewe, usawazishaji ukawashwa, na alipoondoka hakuna aliyeufunga.

Katika kompyuta ile mteja mwingine asiyejulikana alikuwa ameweka kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari. Kila kompyuta ilipowashwa asubuhi, kiendelezi kile kiliiandika folda upya, na usawazishaji ukaipeleka moja kwa moja kwenye simu ya mama. Mwenye saiba hakujua lolote, naye alitupa ushirikiano wote. Tunalitaja hili kwa makusudi, ili asiwepo mtu wa kumtuhumu jirani kabla ya uchunguzi.

Vyanzo vinne vya folda inayorudi

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Folda hairudi kwa miujiza. Chanzo chake huwa mojawapo ya hivi:

1. Kifaa kingine kilichoingia kwa akaunti yako. Chaweza kuwa simu uliyoiuza bila kuifuta, kompyuta ya ofisi ya zamani, au ya saiba.

2. Kiendelezi au programu iliyomo ndani ya kifaa chako, ambayo huiandika folda kila kivinjari kinapofunguliwa.

3. Kivinjari cha pili au nakala ya zamani. Vipo vivinjari vinavyoweza kupangwa vichukue alamisho za kivinjari jirani kila vinapofunguliwa. Vilevile, ukirudisha faili ya akiba yenye folda ile, umeirudisha kwa mkono wako mwenyewe.

4. Sera ya msimamizi. Kompyuta ya shule au ya ofisi huweza kuwekewa alamisho na msimamizi wake, nazo hazifutiki na mtumiaji. Hilo si kosa. Lakini kompyuta yako binafsi ikikuambia kwamba inasimamiwa na shirika, ilhali hujaiunga na shirika lolote, shuku kwamba programu haramu imejipenyeza.

Hatua za kuchunguza na kuziba

Hatua ya kwanza: usianze kwa kufuta. Piga picha ya skrini inayoonyesha folda, kisha andika jina lake, tarehe na saa ulipoiona. Usiguse viungo vilivyomo. Katika kompyuta, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na herufi O ili kufungua kidhibiti cha alamisho. Chagua kuhariri alamisho moja moja, nawe utaiona anwani yake kamili bila kuufungua ukurasa. Inakili. Folda iliyofutwa kabla ya kunakiliwa ni ushahidi uliopotea.

Hatua ya pili: tazama orodha ya vifaa. Ingia katika mipangilio ya akaunti yako, sehemu ya usalama, uangalie vifaa vilivyoingia. Kila kifaa huonyeshwa pamoja na aina yake na wakati kilipotumika mara ya mwisho. Usichokitambua, kiandike.

Hatua ya tatu ndiyo inayotoa hukumu. Zima usawazishaji katika simu yako na katika kila kifaa chako. Futa folda katika kila kimoja. Funga kivinjari, kifungue tena, kisha subiri siku moja au mbili. Folda ikirudi ilhali usawazishaji umezimwa, chanzo kimo ndani ya kifaa hicho. Isiporudi mpaka uwashe usawazishaji, chanzo kiko nje, katika kifaa kingine.

Hatua ya nne, ikiwa chanzo ni cha ndani: zima viendelezi vyote, kisha viwashe kimoja kimoja, ukifunga na kufungua kivinjari kila mara. Kile kinachoandamana na kurudi kwa folda ndicho cha kuondoa. Katika Chrome orodha hupatikana kwa kuandika chrome://extensions mahali pa anwani. Katika Firefox andika about:addons. Ili kuona sera zilizowekwa, andika chrome://policy au about:policies. Kagua pia kama kivinjari cha pili kimepangwa kuchukua alamisho za kwanza.

Hatua ya tano, ikiwa chanzo ni cha nje: ukiwa katika kifaa chako kilicho safi, viondoe vifaa usivyovitambua, kisha ubadilishe neno la siri la akaunti. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ili neno la siri peke yake lisitoshe kumwingiza mtu. Futa nakala ya usawazishaji iliyo katika seva kwa kupitia mipangilio ya akaunti, kisha uwashe usawazishaji upya ukianza na kifaa kile safi. Vingine vifuate kimoja kimoja.

Neno moja la tahadhari. Kukiondoa kifaa ukiwa mbali hukata mawasiliano, lakini nakala iliyokwisha kuandikwa katika diski ya kompyuta ile yaweza kubaki. Kwa hiyo rudi mahali pale, uombe wasifu wako ufutwe katika kivinjari pamoja na data zake. Badilisha pia maneno ya siri ya huduma nyingine ulizokuwa umezihifadhi, ukianza na benki.

Kuitambua anwani ya kweli

Tovuti za serikali ya Uganda huishia na .go.ug, na za Kenya .go.ke. Soma sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti, na utazame mwisho wake. Neno go.ug likitokea mwanzoni au katikati, kisha likafuatwa na nukta na maneno mengine, hiyo si tovuti ya serikali. Ni vazi la kuazima. Na popote unapoombwa namba ya siri ya pesa za simu ndani ya ukurasa wa intaneti ulioufikia kwa kiungo usichokiweka, funga.

Sheria yasemaje

Kuingia bila idhini katika kompyuta au data ya mtu mwingine ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ya mwaka 2011. Jirani zetu wa Kenya wanayo sheria yao ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Kuvuka barabara ya mpakani hakumfichi mhalifu, kwa kuwa kitendo hicho ni kosa huku na ng'ambo. Wenye saiba nao wakumbuke kwamba taarifa binafsi za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019.

Ikiwa umetoa namba ya siri au umepoteza fedha, piga simu mara moja kwa mtoa huduma wako ili akaunti izuiwe, kisha fika kituo cha polisi kilicho karibu na picha ulizozipiga na anwani ulizozinakili. Huna haja ya kuona haya. Aliyedanganywa si mkosaji.

Desturi tatu za kushika

Katika kompyuta ya watu wengi, tumia dirisha fiche, wala usiingie katika kivinjari chenyewe. Kabla ya kuinuka, toka katika akaunti na ufunge madirisha yote. Kabla ya kuuza simu, ondoa akaunti yako na uifute simu nzima.

Mama yule wa nafaka alizifuata hatua hizi. Jumatatu iliyofuata aliifungua simu yake saa mbili, na folda haikuwapo. Alipotoka kwetu alikwenda kuwaambia wenzake sokoni, nasi tunawaomba nanyi mfanye hivyo hivyo.

Maswali ya kujadili katika vikao vya Mayumba Kumi, na kwa jirani zetu, Nyumba Kumi

1. Kwa nini swali la "hurudi lini?" lilisaidia kukitambua chanzo?
2. Ni kwa jaribio gani utajua kama chanzo kimo ndani ya kifaa chako au nje yake?
3. Ni kompyuta zipi, mbali na zako, ulizowahi kuingia kwa akaunti yako? Ziandike, kisha uzilinganishe na orodha ya vifaa iliyo katika akaunti.