SOMO LETU: KUTOKA GOME LA MKWININI HADI KIDONGE



Wenzetu wa mashamba ya Kivu, nchini Kongo, huambua magome ya mkwinini na kuyaanika. Leo tujifunze gome hilo lina nini ndani yake, na limewafaidi akina nani.

1. Asili yake. Mkwinini ulitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Tangu karne ya 17 unga wa gome lake ulitumika kutibu homa. Lakini palikuwa na taabu: gome la mti mmoja lilikuwa kali, la mwingine hafifu. Mgonjwa hakujua amekunywa dawa kiasi gani. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou walifaulu kuitenga kwinini yenyewe. Tangu hapo dawa ikaweza kupimwa.

2. Kazi ya kiwandani. Ndani ya gome, kwinini imeshikamana na asidi za mti. Gome kavu husagwa, likachanganywa na chokaa na maji. Chokaa huiachanisha kwinini na asidi hizo. Kisha hutiwa mafuta maalumu ambayo huivuta kwinini kutoka kwenye unga. Mafuta hayo hukorogwa pamoja na asidi ya salfa iliyozimuliwa, na kwinini huhamia humo. Mwisho husafishwa, ikaganda kuwa chembe nyeupe.

3. Nani alifaidi? Manuel Incra Mamani, mchuma magome wa Bolivia, alikusanya mbegu bora kwa ajili ya mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Mwaka 1865 Waholanzi walinunua sehemu ya mbegu hizo, wakazipanda Java. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Java ilitoa zaidi ya sehemu tisa katika kila kumi za kwinini ya dunia. Mamani alitiwa jela kwa ajili ya mbegu hizo, akapigwa, akafa. Utajiri mkubwa wa mti huo haukumfikia aliyeujua.

4. Siku hizi. Mwaka 1972, nchini China, Tu Youyou na wenzake walipata artemisinini kutoka katika mmea wa artemisia, baada ya kusoma vitabu vya tiba vya kale. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya artesuneti mahali pa kwinini kwa malaria kali, kwa wakubwa na watoto. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka wenye mimea na wenye ujuzi wa jadi wagawiwe faida. Wajibu wetu ni kuijua.

Onyo: usichemshe gome nyumbani ukadhani umepata dawa. Kipimo chake hukijui. Kikizidi, masikio huvuma, macho hufifia, na moyo huweza kudhurika. Ukishikwa na homa, nenda zahanati ukapimwe damu.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Kwa nini magome mawili hayana nguvu sawa?
(b) Chokaa hufanya kazi gani?
(c) Mamani angekuwa na chama, angedai nini?