Kiwewe cha Vita na Askari Waliosikilizana

Mwezi wa Desemba 1970, katika jiji la New York nchini Marekani, vijana kadhaa waliokuwa wamerejea kutoka vita vya Vietnam walianza kukutana kila juma katika ofisi ya chama chao, chama cha askari wa zamani waliopinga vita hivyo. Waliketi pamoja wakazungumza kwa saa nyingi juu ya mambo waliyoyaona na waliyoyatenda vitani, na juu ya usingizi uliowakimbia tangu waliporudi makwao. Waliwaalika pia madaktari wa magonjwa ya akili, miongoni mwao Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, lakini kwa masharti yao wenyewe: mikutano haitafanyika hospitalini, hapatakuwa na malipo, na daktari naye ataulizwa maswali kama mtu mwingine yeyote. Lifton, ambaye hapo kabla alikuwa amewachunguza watu walionusurika bomu la atomiki la Hiroshima, alikubali.

Katika makala haya tutaeleza kwa nini wanaume hao waliona heri wasikilizane wenyewe kuliko kwenda hospitali, na jinsi mazungumzo yao yalivyokuja kubadili elimu ya tiba. Lakini yatupasa kwanza kuutazama mwili.

Mtu akikutana na hatari, tuseme nyoka njiani, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, hutoa ishara kabla mtu hajapata hata nafasi ya kufikiri. Tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, misuli hukaza, na ini hutoa sukari ili mwili upate nguvu za kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, mwili hutulia. Wakati huohuo sehemu nyingine ya ubongo, hipokampasi, husaidia kuliweka tukio mahali pake: lilitokea wapi, lini, na kwamba limekwisha.

Kwa mtu aliyepatwa na kiwewe, kazi hiyo ya mwisho huwa haikukamilika. Tukio halikai mahali pake katika wakati. Mlango ukibamizwa, au harufu ya mafuta ikimfikia puani, mwili wake hujibu kana kwamba risasi zinalia sasa hivi. Usiku hujiwa na majinamizi. Mchana huketi akiutazama mlango, hukasirika upesi, au hujiona kama jiwe lisilo na hisia hata mbele ya watoto wake.

Sasa, hofu ya namna hii hupungua pale ambapo mtu huikumbuka mara kwa mara akiwa mahali salama, hata ubongo ukajifunza kwamba kumbukumbu si hatari yenyewe. Lakini mgonjwa hufanya kinyume chake, naye ana sababu: huikwepa kumbukumbu kwa kuwa inauma. Hatazami, hasemi, hanusi, hapiti njia ile. Kwa kila mara anapokwepa hupata nafuu kidogo, na kwa kila nafuu hiyo maradhi yanazidi kushika mizizi. Hapa ndipo malezi ya mvulana yanapokutana na ugonjwa. Mtoto wa kiume huambiwa tangu utotoni apige moyo konde, kwamba mwanamume halii. Mtu akishalelewa hivyo, kukwepa kwake huonekana kuwa ushujaa, na hakuna amshtukiaye mpaka pombe au ugomvi umtoe nje. Ndivyo wahenga walivyosema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Madaktari wenyewe walichukua muda mrefu kuelewa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915, Charles Myers wa Uingereza aliandika juu ya askari waliopoteza kuona, kunusa na kumbukumbu baada ya kulipukiwa na mizinga, na ikadhaniwa kwamba mshindo wa mizinga ndio ulioyadhuru mafahamu yao. Baadaye ilidhihirika kuwa hata waliokuwa mbali na mizinga walipatwa na hali hiyohiyo. Katika vita hivyohivyo askari wa jeshi la Uingereza walipigwa risasi na jeshi lao kwa kutoroka au kwa woga, na 306 kati ya waliouawa kwa makosa ya kijeshi walisamehewa mwaka 2006, miaka zaidi ya 80 baada ya kuzikwa.

Vita vya Vietnam vilikuwa na jambo lake la pekee. Kwa kawaida askari wa Marekani hawakwenda wala kurudi pamoja na kikosi chao. Kila mmoja alikuwa na tarehe yake. Muda wake, ambao kwa wengi ulikuwa miezi 12, ukiisha alipanda ndege, na pengine kabla ya siku mbili kupita alikuwa anatembea katika mtaa wa kwao, peke yake, miongoni mwa watu waliokuwa wakibishana kama vita vyenyewe ni vya haki. Wengi wa baba zao walirudi kwa meli, wakiwa na siku nyingi za kuzungumza baharini na wenzao waliokuwa nao vitani. Ni rahisi kuyadharau mazungumzo kama hayo ya sitahani. Naona kwamba yalikuwa tiba ambayo hakuna aliyeipa jina.

Aliyejaribu kusema hospitalini aliweza kukuta hasadikiwi. Mwaka 1969 Sarah Haley, mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali ya askari wa zamani, alimsikiliza mgonjwa aliyesimulia jinsi wenzake walivyowaua wanawake na watoto katika kijiji cha My Lai. Wafanyakazi wenzake waliyahesabu maneno hayo kuwa dalili ya wazimu. Haley, ambaye baba yake alikuwa amepigana vita, alimwamini mgonjwa. Mauaji ya My Lai yalikuwa yametukia kweli, Machi 1968, na dunia ilipata habari zake mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1969.

Katika vikundi vya New York hapakuwa na haja ya kumthibitishia mtu chochote. Aliyesema aliwakuta wasikilizaji waliojua matope yale na hofu ile. Tena aligundua jambo ambalo hakulitazamia: majinamizi aliyoyadhani kuwa aibu yake ya siri yalikuwa pia ya jirani yake aliyeketi karibu. Madaktari waliokuwamo walianza kuona kwamba dalili zinafanana mno kuwa udhaifu wa mtu mmoja mmoja. Mei 1972 Shatan aliandika juu ya dalili hizo katika gazeti la New York Times. Kitabu cha uainishaji wa magonjwa ya akili kilichotolewa Marekani mwaka 1968 hakikuwa na mahali pa ugonjwa kama huo. Baada ya miaka ya hoja na ushahidi, toleo la mwaka 1980 liliuingiza, kwa jina ambalo twaweza kuliita msongo wa baada ya kiwewe, nalo likawahusu pia walionajisiwa, walionusurika ajali na waliokumbwa na maafa. Uchunguzi wa taifa uliofanywa katika miaka ya 1980 ulikuta kwamba kiasi cha wanaume 15 katika kila 100 waliotumikia Vietnam walikuwa bado na maradhi hayo. Mwaka 1979 serikali ilikuwa imekwisha kuanzisha vituo vya ushauri mitaani, mbali na hospitali, na wengi wa watumishi wake walikuwa askari wa zamani. Leo vituo hivyo ni takriban 300.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kuzungumza kwa namna yoyote huponya. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba kumketisha mtu mara moja tu, mara baada ya msiba, na kumtaka asimulie yote, hakuzuii maradhi haya, na huenda kukamdhuru. Matibabu yanayofaa huenda polepole kwa majuma mengi, pamoja na mtaalamu aliyefunzwa. Mwenzi hawi badala ya mtaalamu. Kazi yake ni kuamini, kukaa, kurudi tena juma lijalo, na kumsindikiza mwenziwe hadi kwa daktari, hasa mwenziwe akianza kusema kwamba hataki kuishi. Jambo hilo la mwisho si la kupuuzwa: ulimwenguni kote wanaume hufa kwa kujiua zaidi ya mara mbili ya wanawake.

Mwalimu anaombwa asimlazimishe mwanafunzi yeyote kusimulia masaibu yake mbele ya darasa. Maswali haya yatoshe kwa mjadala:

1. Eleza kwa nini kukwepa kumbukumbu huleta nafuu ya muda mfupi lakini huendeleza maradhi.

2. Katika baraza au kijiwe cha wanaume wa mtaani kwenu, ni mambo gani huzungumzwa kila siku, na ni yapi hayasemwi kamwe? Waulize wazee kama ilikuwa hivyo zamani.