Sauti Kupanda na Kushuka, Picha Kukwama: Kagua King'amuzi Kabla ya Kununua Kingine

Tangu matangazo ya analogi yalipozimwa nchini mwaka 2015, wakazi wengi wa Theta hutazama runinga kupitia king'amuzi. Kikisumbua, fuata hatua hizi kabla ya kutoa pesa.

Sauti: Kila kituo hurusha sauti kwa kiwango chake. Ikibadilika unapohamia kituo kingine, si lazima king'amuzi kiwe kibovu. Weka sauti ya king'amuzi robo tatu, kisha tumia rimoti ya runinga pekee. Ikitoka upande mmoja tu, kaza waya mweupe na mwekundu.

Picha: Muulize jirani kwanza. Naye akipata shida kwenye kituo hicho hicho, huenda hitilafu iko kituoni, subiri. Kama ni kwako pekee, fungua menyu usome ubora wa mawimbi. Zamani mawimbi dhaifu yalileta chenga. Ya dijitali yakipungua, picha hukwama au kukatika vipande.

Ubora ukiwa chini, kagua waya wa antena kama umelegea, umeingia maji au una kutu. Elekeza antena magharibi, upande wa mitambo ya Limuru, ukiigeuza polepole huku mwenzako akisoma menyu. Ubora ukiwa juu lakini picha bado inakwama, zima king'amuzi kwenye soketi kwa dakika chache, na ukiweke mahali penye hewa.

Usipande paa lililolowa wala kushika mlingoti ulio karibu na nyaya za umeme. Hapo mwite fundi.