Kiinitete cha mozaiki: tukitupe?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu hapa Tukuyu, nina miaka 38. Tulipandikiza mimba Nairobi, haikushika. Vimebaki viinitete viwili vilivyogandishwa. Maabara inasema seli zote zilizopimwa za kimoja zina kasoro, na kingine ni "mozaiki". Mama mkwe anataka tuvitupe vyote, tusije tukazaa mtoto mgonjwa. Tufanyeje?

JIBU: Pole, mama, kwa mimba kutoshika. Hicho cha mozaiki msikitupe kwanza.

Siku ya 5 au ya 6 baada ya yai kurutubishwa, mtaalamu huchomoa seli chache, kama 5 hadi 10, kwenye tabaka la nje litakalokuwa kondo la nyuma. Sehemu itakayokuwa mtoto haiguswi. Mozaiki maana yake baadhi ya seli hizo zina kromosomu 46 na nyingine zimezidi au kupungua. Lakini kupima seli chache hivyo ni kama kupima shamba zima la chai kwa majani ya pembe moja. Mwaka 2015 Greco na wenzake, nchini Italia, walieleza wanawake 18 waliowekewa viinitete vya namna hiyo kwa kukosa vingine. Walizaliwa watoto 6 wazima. Tangu hapo wamezaliwa wengi kwingineko. Hata hivyo mimba hizi hushika kwa nadra zaidi na huharibika zaidi, hasa seli zenye kasoro zikiwa nyingi.

Kile kingine nisingekushauri ukiweke. Kwa kawaida hakishiki, au mimba hutoka mapema. Kasoro chache tu, kama kromosomu ya 21 kuzidi, huweza kufikia kuzaliwa mtoto, naye huwa na sindromu ya Down.

Umozaiki hutokea seli zinapogawanyika baada ya yai kurutubishwa. Hukuusababisha wewe, wala ukoo wenu. Mama mkwe mweleze kwa heshima, lakini uamuzi ni wenu wawili.

Kiulizeni kituo: ni kromosomu ipi, na asilimia ngapi ya seli? Je, inafaa kuvuna mayai mengine kwanza?

Mimba ikishika, kliniki ya wajawazito ya hospitali ya Makandana, hapo Tukuyu, iendelee kama kawaida. Ila kwa kuhakiki kromosomu za mtoto, kipimo cha damu pekee hakitatosha, kwa kuwa nacho husoma vinasaba vya kondo la nyuma. Kinachohitajika ni kipimo cha maji ya uzazi, yanayochotwa kwa sindano kuanzia wiki ya 15. Waulizeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, pale Meta, kama watawafanyia au watawapa rufaa ya Dar es Salaam, na muwaulize kabla ya kupanda basi la Nairobi.