Kipando cha Muhogo Kinakula Nini?

Watoto, ninyi wa Luberizi mlijua kupanda muhogo kabla ya kujua kusoma. Basi nijibuni: kipando, yaani kipande cha mti wa muhogo kisicho na mzizi wala jani, kinakula nini siku zake za kwanza ardhini?

Wengi hujibu: samadi. Ndiyo sababu wengine huchota samadi mbichi zizini, ingali na moto, huijaza shimoni na kuchomeka kipando humo. Baada ya majuma mawili hukivuta, na tazama, kimeoza upande wa chini. Husema mbegu ilikuwa mbaya. Sivyo.

Kinywa cha mmea ni mzizi, na kipando hakina kinywa bado. Lakini hakifi njaa, maana kimechukua chakula cha safari: wanga uliowekwa ndani ya mti na majani ya mmea mama. Chakula hicho hukilisha mpaka mizizi itoke. Kwa hiyo angalieni kipando kwanza, samadi baadaye. Kateni mti mnene uliokomaa, wa miezi 8 hadi 12, urefu wa shibiri moja hivi, wenye macho 5 hadi 7. Mti mwembamba wa kijani una chakula kidogo, na jua la uwanda wa Ruzizi huukausha upesi. Tena msikate kamwe penye majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya manjano. Huo ni ugonjwa wa mozaiki. Husafiri ndani ya kipando, na hakuna mbolea inayouponya.

Mizizi ya kwanza ni myeupe, laini kama uzi. Samadi mbichi huiunguza. Samadi iliyooza vizuri, nyeusi, isiyonuka, haidhuru ikichanganywa na udongo kabla ya kupanda. Kama hamnayo, ngojeni. Mwezi mmoja baadaye, majani yakiisha kufunguka, palilieni (magugu nayo hula!), kisha wekeni samadi kuzunguka mmea, mbali kidogo na shina, mkaifukie. Msizidishe: samadi nyingi mno huleta sombe nyingi na mihogo myembamba. Mama atafurahia sombe, lakini ugali utatoka wapi? Jivu la jikoni lina potasi, nayo husaidia mizizi kujaa wanga.

Jaribuni shuleni. Toboeni makopo mawili upande wa chini. Pandeni vipando viwili vya mti mmoja, kimoja katika udongo mtupu, kingine katika samadi mbichi. Vinyweshezeni maji sawasawa. Siku ya 14 vitoeni, mtazame mizizi.

Maswali
1. Wanga wa kipando ulitoka wapi?
2. Kwa nini tunangoja mwezi mmoja?
3. Kopo lipi lilikuwa na mizizi mingi?