AFYA NYUMBANI: Tumwachishe mtoto bibero ya usiku, pole pole



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu na baruti. Leo tunasema juu ya bibero, ile chupa ya maziwa ambayo mtoto analala nayo mdomoni. Msidhani ni jambo la akina mama peke yao. Baba aliyeamshwa mara tatu usiku anafika kazini asubuhi na macho mazito, na mtu mwenye usingizi haoni jiwe linalolegea juu ya kichwa chake.

1. Bibero inaingia namna gani nyumbani

Huku Bungulu, mama anayekwenda mapema soko la Kilokwa au shambani anamwachia tate au dada mkubwa bibero ya mtoto. Mchana inasaidia. Usiku inageuka dawa ya usingizi. Mtoto anafikisha mwaka mmoja, anafikisha miwili, na bila bibero hafungi jicho.

Tuelewane vizuri: somo hili si la kukatisha ziwa la mama. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri ziwa tu mpaka miezi 6, kisha ziwa pamoja na chakula mpaka miaka 2 na zaidi. Shirika hilohilo, mwezi wa tano mwaka 1981 huko Geneva, lilipitisha Kanuni inayokataza kutangazia watu maziwa ya kopo yanayochukua nafasi ya ziwa. Kanuni hiyo inahusu bibero na chuchu zake pia.

2. Ubaya wa kulala na bibero

Meno. Maziwa yana sukari yake, hata kama hukuongeza. Mtoto akilala, mate yanapungua na maziwa yanabaki kwenye meno. Vidudu vya mdomoni vinakula sukari hiyo na kutoa asidi inayotoboa meno. Yanaanza meno 4 ya mbele ya juu. Yale ya chini yanakingwa na ulimi. Ukiona alama nyeupe karibu na ufizi, ugonjwa umekwisha kuanza. Chai ya sukari ndani ya bibero ni mbaya vilevile. Usiseme "ni meno ya utoto, yatang'oka". Jino lililooza linauma, linazuia kula, na linaweza kuharibu jino linalokuja chini yake.

Masikio. Mtoto akinywa amelala chali, maziwa yanaweza kupita njia ya ndani inayotoka kooni kwenda sikioni, na sikio likauma.

Damu. Mtoto aliyeshiba maziwa anakataa maharagi, sombe na samaki wa Kyavinyonge. Maziwa yana chuma kidogo sana, na bila chuma damu inapungua.

Kuhara. Maziwa yaliyobaki mpaka usiku wa manane yanaharibika, na chuchu ya bibero ni ngumu kusafisha kuliko kikombe.

Moto. Kupasha maziwa usiku kunaleta mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Mtoto anaweza kuungua, na hewa ya makala inaua watu wakiwa usingizini bila kutoa harufu.

3. Hatua za kufuata

Anza mtoto akifikisha miezi 12. Ni vizuri kazi iishe kabla ya miezi 18, lakini hata wa miaka 2 au 3 hajachelewa.

Hatua ya 1. Ondoa kwanza bibero za mchana. Mpe maziwa na maji kwa kikombe cha wazi. Mtoto anaweza kujifunza kikombe tangu miezi 6.

Hatua ya 2. Mshibishe jioni kwa chakula chenyewe, au kwa uji mzito wa sosoma: mtama, soya na mahindi.

Hatua ya 3. Bibero isiingie tena kitandani. Anywe amekaa mikononi mwako, kisha msafishe meno kwa mswaki au kitambaa safi. Baada ya hapo ni maji tu.

Hatua ya 4. Punguza kwa kipimo. Alama zimeandikwa kwenye chupa. Kama alizoea mililita 180, mpe 150 kwa usiku 3, halafu 120 kwa usiku 3, halafu 90, 60, 30. Usiku wa 16 hakuna tena. Punguza wingi wa maziwa, usiyageuze maji. Na mtoto chini ya mwaka mmoja asipunguziwe namna hii.

Hatua ya 5. Weka kitu kingine mahali pa bibero: mgongo wa mama, kikwembe chake, wimbo, hadithi ya sungura. Fuata utaratibu uleule kila usiku, kwa saa ileile.

Hatua ya 6. Nyumba nzima iwe na neno moja. Mama akikataa na tate akitoa, mtoto anajua mlango uko wapi. Chagueni siku ambazo baba hayuko poste ya usiku, naye ambebe mtoto kwa zamu yake.

Usiku wa kwanza kilio kitakuwepo. Kaa karibu, mshike, mpe maji kwa kikombe. Ukimpa bibero baada ya kulia saa nzima, umemfundisha kulia saa nzima.

4. Mambo ya kuepuka

Usipake pilipili wala dawa chungu kwenye chuchu. Usimpige. Usimpe pombe wala sirupu ya kikohozi ili alale. Usianze wakati mtoto ni mgonjwa, wakati nyumba inahama, au juma ambalo mdogo wake amezaliwa.

5. Wakati wa kumleta disipanseri

Mleteni akiwa hapandi kilo, akiwa mweupe viganjani, meno yakiwa na rangi ya kahawia, au sikio likitoa usaha. Akihara, anzeni hapohapo kumpa serumu ya kunywa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Macho yakididimia, au akishindwa kunywa, msingoje asubuhi.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

Mtoto wetu anakunywa bibero ngapi kwa siku, na ya mwisho saa ngapi? Nani anampa? Meno yake ya juu tuliyatazama lini? Inueni mdomo wake wa juu leo jioni, kwenye mwanga, mtazame.